Karafuu Isiyo na Jina: Safari ya Viungo hadi Majiko ya Riyadh na Jeddah



Katika mazungumzo yetu ya leo nitawazungumzia vitu ambavyo pengine vimo katika kabati la jiko lako wakati huu unaponisikiliza: ukwaju, mdalasini, hiliki, karafuu, na kile kitunda cheusi chepesi ambacho huku Saudi Arabia huitwa lumi. Ninazungumza nikiwa Jeddah, mji ambao kwa karne nyingi umepokea mahujaji na mizigo kwa lango moja. Swali ninaloliuliza ni jepesi kulitamka: vitu hivi hutoka wapi, na ni mikono ya nani inayovitengeneza? Kulijibu ni kazi zaidi, kwa sababu majina ya viungo mara nyingi hutuelekeza kwenye bandari au soko la mwisho, na huuficha udongo vilikoota. Na jina likishapotea njiani, aghalabu bei ya aliyevuna nayo hupotea.

Katika Al-Balad, sehemu kongwe ya Jeddah ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014, kuna mtaa wa biashara uitwao Souq al-Alawi. Ndiyo njia waliyoipita mahujaji walioshuka majahazini na melini, wakaelekea Bab Makkah ili waanze safari ya Makka. Hapo ndipo ilipo ile nyumba maarufu ya Nasif, ambayo kando yake umesimama mti uliokuwa, kwa muda mrefu, takriban mti pekee ndani ya mji. Mswahili akiutazama hahitaji kuelezwa: ni mwarobaini. Magunia ya viungo hupangwa mlangoni mwa maduka yakiwa wazi, na wauzaji wengi asili yao ni Yemen, hasa Hadhramaut. Mgeni kutoka Lamu au Unguja hupita hapo akitambua harufu moja baada ya nyingine, lakini akiuliza majina huanza kuchanganyikiwa.

Tuanze na ukwaju. Waarabu huuita *tamr hindi*, yaani tende ya Kihindi, na Wazungu wakalichukua jina hilo hilo wakalitia katika lugha zao. Hata wataalamu wa mimea wameuita *Tamarindus indica*. Lakini wataalamu hao hao wanatuambia kwamba asili ya mkwaju ni Afrika ya kitropiki. Uhindini ulipelekwa zamani sana, ukastawi huko hata ukaonekana mzaliwa. Basi mtu wa Jeddah anapofuturu mwezi wa Ramadhani kwa bilauri ya *tamr hindi*, anakunywa tunda la Afrika lenye pasipoti ya India.

Mdalasini nao una kisa chake. Neno letu limetokana na *darsini* la Waarabu wa Ghuba, ambalo ni la Kiajemi, na maana yake ni mti wa China. Hata hivyo mdalasini ule mwembamba, wenye maganda yanayojikunja kama karatasi na kuvunjika kwa vidole, kwao ni Sri Lanka. Wa China na jirani zake ni ule mnene, mgumu, mkali kidogo, ambao ni ndugu yake lakini si yeye. Madukani mara nyingi vyote viwili huuzwa kwa jina moja, na anayepata faida ya mkanganyiko huo si mnunuzi.

Sasa nije kwenye lumi, ambayo kwa wengi wetu ni kitu kigeni. Dada mmoja wa Likoni, anayefanya kazi katika nyumba moja mjini Riyadh, alinisimulia kwamba wiki yake ya kwanza alizikuta katika mtungi jikoni, akadhani ni ndimu zilizooza, akawa tayari kuzitupa. "Mama wa nyumba akanishika mkono," alisema, "akaniambia bila hizi hakuna kabsa." Kabsa, kwa wasioijua, ni wali wa nyama wa Kisaudi, jamaa wa karibu wa pilau yetu. Mpishi wa pwani akiuonja hutambua karibu kila kitu kilichomo, isipokuwa ule uchachu wenye harufu kama ya moshi, unaotokana na lumi.

Hutengenezwa hivi. Ndimu ndogo zilizokomaa huchemshwa kwa muda mfupi katika maji ya chumvi, kisha huanikwa juani mpaka ganda liwe gumu na ndani mwake mkauke kabisa. Kadiri zinavyokaa juani ndivyo zinavyozidi weusi. Ndimu iliyokaushwa vyema huwa nyepesi mno, na ukiitikisa husikia kokwa zikicheza ndani. Mpishi mwangalifu huipasua, akazitoa kokwa kwa sababu zina uchungu, ndipo akaitia chunguni.

Wairani huiita ndimu ya Omani. Wairaki huiita ndimu ya Basra, kwa kuwa katika bandari hiyo ndiko ilikoshushwa. Haya ndiyo ninayoyasema: kila mmoja alilipa tunda jina la mahali alipolipokea. Na Oman yenyewe imepata msiba. Tangu miaka ya 1970, mindimu yake imeshambuliwa na ugonjwa unaoyafanya matawi yachipue vijiti vyembamba vingi kama ufagio, kisha mti hufa. Mashamba mengi ya pwani ya Batinah yaliangamia. Kwa sababu hiyo sehemu ya ndimu kavu zinazouzwa leo katika nchi za Ghuba hutoka mbali, hata Guatemala, Amerika ya Kati.

Guatemala hiyo hiyo tunaikuta tena katika hiliki. Kahawa ya Kiarabu, ile ya rangi ya dhahabu inayomiminwa kutoka katika dalla na kunywewa kwa vifinjani vidogo, huwa na hiliki nyingi kiasi kwamba mgeni huweza kuuliza kahawa yenyewe iko wapi. Riyadh na Najd yote huongeza karafuu na zafarani. Ukarimu wa Kisaudi umefungamana na kinywaji hiki hata UNESCO ikakitambua mwaka 2015 kuwa urithi wa Saudi Arabia pamoja na Oman, Qatar na Falme za Kiarabu, na mwaka 2022 Saudi Arabia ikautangaza kuwa Mwaka wa Kahawa ya Kisaudi. Buni zipo zinazolimwa nchini, katika milima ya Jazan. Hiliki haikui hapa. Kwao ni misitu yenye mvua ya kusini-magharibi mwa India. Mwanzoni mwa karne ya 20 mlowezi wa Kijerumani aliyeitwa Oscar Majus Kloeffer aliipeleka Guatemala, katika milima ya Alta Verapaz. Ilishika vizuri hata nchi hiyo ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa duniani, ingawa wenyeji hawana mazoea ya kuila. Wakulima wengi ni Wamaya wa kabila la Q'eqchi', wenye vishamba vidogo. Huichuma kwa mkono kabla haijaiva, maana ikiiva hupasuka na kupoteza ule ukijani unaopendwa na wanunuzi wa huku, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto wa kuni. Wanalima mwaka mzima kitu ambacho hadhi yake yote iko katika sebule ambazo hawatazikanyaga.

Nasi pia tunayo hiliki, ya Usambara Mashariki na ya milima ya Uluguru, na wanaoijua huisifu. Ila kiasi chake ni kidogo, na kilimo chake chini ya miti ya msitu kimewatia hofu wahifadhi wa mazingira kwa miaka mingi.

Nimeiacha karafuu nyuma kwa makusudi, kwa kuwa hiyo ndiyo yetu zaidi na ndiyo yenye hesabu nzito.

Wazee wa Najd huiita karafuu *mismar*, neno lile lile lililotupa sisi msumari, kwa umbo lake. Mti wenyewe asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki ya Indonesia ya leo. Waholanzi, katika karne ya 17, waliikata mikarafuu ya visiwa vingine ili ibaki pale tu walipoweza kuilinda, hasa Ambon. Mnamo 1770 Mfaransa Pierre Poivre, msimamizi wa Mauritius, alifanikiwa kupata miche kwa siri. Kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa mikarafuu ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na jina linalotajwa zaidi katika kuileta ni la Saleh bin Haramil al-Abry, mfanyabiashara Mwarabu wa Oman. Seyyid Said aliona faida yake upesi. Inasimuliwa kwamba aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi.

Nani aliipanda, akaipalilia na kuichuma? Watumwa, walioletwa kutoka bara, wengi wao kutoka pande za ziwa Nyasa. Si vyema kuisimulia harufu ya karafuu na kulinyamazia hilo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa kiasi, na tangu hapo Pemba ndiyo shamba. Mwaka uliofuata, 1873, Sultani Barghash alilazimishwa na Waingereza kutia sahihi mkataba wa kuipiga marufuku biashara ya watumwa baharini; utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Zanzibar hadi 1897. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba yaligawanywa, familia nyingi zikapata eka tatu tatu.

Tumba la karafuu huchumwa likiwa limeanza kugeuka wekundu na kabla halijachanua. Likichanua, thamani yake imekwisha. Matawi ya mkarafuu huvunjika kwa urahisi, na kila msimu wapo wanaoanguka. Mchumaji hulipwa kwa pishi, kipimo ambacho vijana wa mijini wanakisikia katika methali tu. Jioni nyumba nzima huketi kuchambua, kutenganisha karafuu na makonyo yake, ambayo nayo hayatupwi, kwani hukamuliwa mafuta katika kiwanda cha Wawi, Pemba. Kisha karafuu huanikwa majamvini siku nne, tano au zaidi, huku macho yakiwa angani, kwa maana mvua moja isiyotarajiwa huifanya ipauke na kushuka daraja. Kilo tatu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu.

Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC, lililoundwa mwaka 1968, ndilo lililokabidhiwa ununuzi wote. Katika miaka ya 1970 na 1980 mkulima alipewa sehemu ndogo ya bei iliyolipwa nje. Matokeo yake yanajulikana na kila mtu wa Pemba: magendo ya usiku kwa majahazi hadi pwani ya Kenya, na sheria kali za kuyazuia. Wakati huo huo Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkuu kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ilipanda mikarafuu yake mingi ikaacha kuagiza, na bei ya dunia ikaporomoka. Katika miaka ya 2010 serikali ya Zanzibar ilitangaza sera ya kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Ni hatua kubwa, na kwa maoni yangu ilichelewa kwa kizazi kizima.

Lakini asilimia 80 ya bei ipi? Karafuu ya Pemba huuzwa kwa jumla, ikaenda Singapore, Mumbai na Dubai, ikachanganywa huko na ya Madagascar na ya Indonesia, na inapofika Souq al-Alawi ni karafuu tu. Nimewauliza wauzaji kadhaa gunia lao limetoka wapi. Wengi hunijibu "Dubai." Mmoja, mzee wa Kihadhrami, alitabasamu akasema: "Mwanangu, hii ni ya baharini." Linganisha na tende. Mnunuzi wa Jeddah hawezi kuuziwa tende bila kuambiwa kama ni ajwa ya Madina au sukkari ya Qassim, naye yuko radhi kulipa zaidi kwa jina hilo. Zanzibar imekuwa ikijaribu kwa miaka kadhaa kuipatia karafuu yake nembo na ulinzi wa jina la mahali. Mpaka jina hilo lifike kwenye gunia la Al-Balad na Batha, mkulima anauza uzito peke yake, na wenye uzito mkubwa kuliko wake wapo.

Kwa mlio huku ughaibuni, na mnanunua viungo kila mwezi, muulizeni muuzaji asili ya karafuu yake, hata kama mnajua hatakuwa na jibu. Na kama mna shaka na ubora, chukueni bilauri ya maji. Karafuu nzima ambayo bado ina mafuta yake huzama, au huelea wima kichwa kikiwa juu. Ile iliyokwisha kukamuliwa mafuta ikakaushwa tena hulala ubavu juu ya maji.