Mashindano Makuu Matatu ya Baisikeli

Katika mkoa wa Singida nadhani hapana asiyeijua baisikeli. Wengi wenu mmefunga gunia la alizeti au la vitunguu nyuma yake, mkaiendesha mpaka gulioni, na penye kilima mkashuka mkaisukuma. Kwa hiyo sina haja ya kukieleza chombo chenyewe. Nitakalo ni kuyapima mashindano makuu matatu ya Ulaya, ya Ufaransa, ya Italia na ya Hispania, tupate kujua yapi yana njia ngumu zaidi, na yapi humsisimua mtazamaji zaidi. Maana mambo hayo mawili si mamoja.

Yote matatu yalizaliwa na magazeti yaliyotaka kuuzwa kwa wingi. L'Auto lilianzisha safari ya kuizunguka Ufaransa mwaka 1903; waliondoka watu 60, wakamaliza 21, na mshindi alikuwa Maurice Garin. La Gazzetta dello Sport lilifuata huko Italia mwaka 1909, na Informaciones huko Hispania mwaka 1935. Gazeti la Kifaransa lilipigwa chapa katika karatasi ya manjano, na la Kiitalia katika karatasi ya rangi ya waridi. Ndiyo sababu kiongozi wa Ufaransa huvaa fulana ya manjano hata leo, na wa Italia ya waridi. Wa Hispania sasa huvaa nyekundu. Kila mashindano huchukua majuma matatu, sehemu 21, na njia yote hukaribia kilomita 3,400. Ashindaye ni yule ambaye saa zake zote, zikijumlishwa, ni chache kuliko za wenzake. Aweza kushinda hata kama hakutangulia kufika siku moja.

Sasa milima. Kila aliyesafiri kutoka Singida kwenda Igunga aujua mteremko wa Sekenke, jinsi barabara ijipindavyo ikiishukia mbuga ya Wembere. Huo ndio uwe kipimo chetu. Huko Italia uko mlima uitwao Stelvio. Kuupanda kutoka upande wa Prato ni mwendo wa kilomita 24 hivi, barabara ina mapindo 48, na kileleni ni mita 2,757 juu ya bahari. Mji wa Singida uko mita 1,500 hivi, nao twauhesabu kuwa uko juu! Tena mashindano ya Italia huwa mwezi wa Mei, wakati theluji haijaisha milimani. Mwaka 1988, juu ya mlima wa Gavia, theluji iliwaangukia wapandaji hata vidole vikafa ganzi, wakashindwa kushika breki. Na breki isiposhikwa katika mteremko kama ule, mwajua wenyewe.

Mashindano ya Hispania hayapandi juu kiasi hicho, lakini yana milima mikali. Angliru, ulioingizwa mara ya kwanza mwaka 1999, ni kilomita 12 na nusu tu. Lakini pako mahali ambapo ukienda mbele hatua mia, umepanda juu hatua zaidi ya 23. Mwaka 2002, siku ya mvua, David Millar wa Uingereza aliupanda wote, akafika karibu na mstari wa mwisho, akaivua namba yake na kukataa kuuvuka mstari, kwa hasira ya njia ile. Mimi simlaumu.

Ufaransa je? Barabara zake ni pana, na milima yake, kama Tourmalet wenye mita 2,115, hupanda kwa kadiri. Ugumu wake ni watu. Mwezi wa Julai kila hodari huja akiwa na nguvu zake zote, wala hapana siku ya kwenda polepole. Kisha kuna upepo, nanyi watu wa Singida hamhitaji kuelezwa upepo. Ukivuma ubavuni, wapandaji hujipanga mshazari, kila mmoja akijikinga nyuma ya mwenziwe, mpaka barabara imejaa. Aliyekosa nafasi katika mstari ule hupigwa na upepo peke yake, na kwa nusu saa aweza kupoteza kazi ya juma zima.

Wala si mchezo. Fabio Casartelli alikufa mwaka 1995 akiteremka mlima katika mashindano ya Ufaransa, na Wouter Weylandt mwaka 2011 katika yale ya Italia, naye pia akiteremka.

Kwa msisimko, wengi hutaja mwaka 1989, Greg LeMond wa Marekani alipomshinda Laurent Fignon kwa sekunde 8. Hispania yaipita: mwaka 1984 Éric Caritoux alishinda kwa sekunde 6. Hata hivyo mimi naichagua Italia, kwa sababu ya siku moja ya mwaka 2018. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa na Mkenya David Kinjah, alikuwa wa nne, nyuma kwa zaidi ya dakika tatu. Katika mlima wa Finestre, ambao sehemu yake ya juu ni barabara ya changarawe kama zetu, aliwaacha wote zikiwa zimebaki kilomita 80, akaenda peke yake mpaka mwisho, akaipata fulana ya waridi.

Tangu hapo Biniam Girmay wa Eritrea ameshinda sehemu moja ya Italia mwaka 2022, na tatu za Ufaransa mwaka 2024 pamoja na fulana ya kijani. Na mwezi wa Septemba mwaka 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia, yale ya siku moja, yalifanywa Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Njia ya wanaume ilikuwa kilomita 267 na nusu, kupanda na kushuka vilima vya mji. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda. Waliomaliza walikuwa 30 tu.