Kununua Kiwanja Wakati wa Uhaba wa Nyumba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu:

Nchini Tanzania upungufu wa nyumba umekuwa ukikadiriwa kufika milioni 3. Kodi ipandapo, mpangaji hukimbilia kiwanja, na dalali humhimiza kuwa mwingine yuaja jioni na fedha mkononi. Katika haraka hiyo ndipo kiwanja kimoja huuzwa kwa watu wawili.

Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba atwaaye shubiri moja ya ardhi kwa dhuluma atavikwa shingoni ardhi saba. Nayo aya ya 282 ya Suratul-Baqara yatuamrisha kushuhudisha tunapouziana. Twaisoma kwa sauti nzuri, kisha twalipa bila shahidi!

Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Tununuacho ni haki ya kuitumia. Basi kiwanja kilichopimwa tukiulizie kwa msajili wa hati kabla ya kulipa. Kisichopimwa, majirani waitwe mipakani mchana kweupe. Na kama ni cha urithi, tuwaulize warithi wote, kwani mara nyingi ndugu mmoja huuza na fungu la mayatima limo ndani.