Kidogo cha Kila Mwezi: Namna Bora ya Kuchangia Huduma za Afya ya Akili Ngara na Biharamulo

Utangulizi

Wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera zina wakazi zaidi ya 800,000 kwa hesabu ya sensa ya 2022. Mgonjwa wa akili aliyezidi uwezo wa hospitali ya wilaya hupewa rufaa kwenda Bukoba, au Bugando jijini Mwanza, au mbali zaidi, Hospitali ya Mirembe iliyoko Dodoma. Kwa mkazi wa Ngara, Bukoba tu ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Ndiyo maana mzigo mkubwa wa kumtunza mgonjwa huyu hubaki nyumbani, mabegani mwa mama, mke au ndugu zake, na ndiyo maana shirika la hisani linalofika kijijini lina kazi ambayo hospitali ya mbali haiwezi kuifanya. Hoja ninayoileta mbele yenu ni moja. Anayetaka kulisaidia shirika la namna hiyo atoe kidogo kila mwezi, kwa miaka, na fedha yake ielekezwe kwenye dawa, nauli na ufuatiliaji wa mgonjwa nyumbani kwake. Harambee ya siku moja, hata ikikusanya mamilioni, haitoshi kwa kazi hii.

Ugonjwa wa muda mrefu hutaka mchango wa muda mrefu

Sababu ya msingi iko katika ugonjwa wenyewe. Mtu mwenye skizofrenia anayepata nafuu kwa sindano ya flufenazini huhitaji kuchomwa tena baada ya wiki chache. Mwenye kifafa, ambaye hapa nchini mara nyingi hutibiwa katika kliniki hiyohiyo ya afya ya akili, humeza fenobabitoni kila siku, na akiiacha ghafla anaweza kupata degedege mfululizo na kupoteza maisha. Mfikirie mgonjwa anayeishi Kalenge au Murusagamba. Siku ya kliniki huhitaji nauli ya bodaboda ya watu wawili, kwa kuwa lazima asindikizwe, na msindikizaji hupoteza siku nzima ya shamba. Wakifika na kukuta dawa imekwisha, huandikiwa wakanunue duka la dawa. Fedha ya dukani haipo, wanarudi mikono mitupu, na mwezi unaofuata hawaendi. Baada ya miezi miwili mgonjwa amerudi kuzurura au amefungwa kamba, na jirani anasema dawa za hospitali hazisaidii kitu. Dawa ilisaidia, ila ilikatika. Fedha inayopaswa kuziba pengo hilo ni ndogo sana, lakini inatakiwa mwezi huu, na ujao, na ule unaoufuata.

Ushahidi wa gharama na wa matokeo ya tiba unaunga mkono hoja hii. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila degedege wakipata tiba sahihi, na kwamba dawa za mtu mmoja zinaweza kugharimu dola 5 tu za Marekani kwa mwaka. Hiyo haifiki shilingi 15,000. Upande wa sonona tuna ushahidi kutoka kwa majirani zetu. Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, Uganda, ng'ambo ya mpaka wa mkoa wetu wa Kagera. Nusu ya vijiji hivyo vilipata tiba ya mazungumzo ya kikundi: kikao cha dakika 90 kila wiki, kwa wiki 16, kikiongozwa na mtu wa jamii hiyohiyo aliyefunzwa kwa wiki mbili. Kabla ya vikao, asilimia 86 ya wanakikundi walikuwa na dalili kamili za sonona. Baada yake walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji visivyopata vikao, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 54.7. Kilichowaponya watu wale hakikuwa jengo wala mashine. Ni watu kukaa pamoja wiki baada ya wiki, na kiongozi wa kikundi kuwezeshwa afike kila wiki bila kukosa.

Historia yetu wenyewe inafundisha hivyo. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya siku moja hivi, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, na kambi ya Benaco ikageuka mji. Misaada ya dunia ilimiminika Ngara. Wengi wa Wanyarwanda walirudishwa Desemba 1996, kambi za Warundi kama Lukole nazo zikafungwa baadaye, na mashirika mengi yakafunga virago. Majonzi ya waliokimbia na ya wenyeji waliowapokea hayakufuata ratiba ya wafadhili. Kilichodumu ni kile kilichopata mmiliki na mapato ya uhakika. Radio Kwizera, iliyoanzishwa 1995 kwa ajili ya wakimbizi, iliendelea kuwatumikia wenyeji kambi zilipokwisha kufungwa. Kadhalika Hospitali ya Lutindi wilayani Korogwe, chini ya Kanisa la Kilutheri, imetunza wagonjwa wa akili kwa zaidi ya karne moja kwa sababu marafiki zake hawakuchoka kuchangia na wagonjwa wenyewe hufanya kazi za mikono na za shamba.

Majibu kwa pingamizi

Wapo watakaosema hii ni kazi ya serikali. Ni kweli, na Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 pamoja na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 zinatupa msingi wa kuidai. Lakini bima hulipia huduma ya mtu aliyefika kituoni. Haimtafuti aliyeacha kufika. Kumfuata nyumbani, kumlipia nauli, kukaa na familia yake ikaelewa kwa nini dawa isikatishwe, hayo ndiyo mashirika ya hisani huyafanya vizuri zaidi. Mchango wetu ukielekezwa huko hauipunguzii serikali wajibu wake. Kila mgonjwa anayeingizwa kwenye daftari la kliniki humpa Mganga Mkuu wa Wilaya hesabu ya kutetea oda kubwa zaidi ya dawa kutoka Bohari ya Dawa.

Wengine huogopa fedha kuliwa. Hofu hiyo ina msingi na ijibiwe kwa utaratibu. Shirika liwe limesajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, liwe na akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja, na kila robo mwaka lisome mapato na matumizi mbele ya mkutano wa kijiji bila kutaja jina la mgonjwa yeyote. Mchango mdogo wa kila mwezi una faida hapa pia: mchangiaji asiyeridhika husitisha mwezi ujao, wakati aliyetoa milioni moja kwa mkupuo hana tena la kushika.

Pingamizi la tatu ni kwamba watu wetu huamini ugonjwa huu ni wa kurogwa au wa mapepo, hivyo dawa zitakosa wa kuzimeza. Imani hiyo ipo, na kuibeza hakumponyi mtu. Linalowezekana ni kuongea na viongozi wa dini na waganga wa jadi ili wasiwazuie wagonjwa kwenda kliniki wakati maombi yakiendelea. Kijana mwenye kifafa aliyekuwa akiangukia motoni, akikaa mwaka mzima bila kuanguka, hushawishi kijiji kuliko mahubiri yetu yote. Na mwaka huo mzima unawezekana tu kama dawa haikatiki.

Mwisho wapo wanaosema umaskini wetu hauruhusu. Hata hivyo hatujawahi kushindwa kuchangia harusi na misiba, na kamati zake tunaziunda kwa siku chache. Watu 500 wakitoa shilingi 2,000 kila mwezi kwa simu, ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi na 12,000,000 kwa mwaka. Wana Ngara na Biharamulo walioko Dar es Salaam, Mwanza na nje ya nchi wanatosha kuifikisha idadi hiyo.

Hitimisho na mapendekezo

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mashirika ya hisani ya wilaya hizi mbili yaombe ahadi za kila mwezi badala ya kutegemea harambee, na yatunze akiba ya dawa ya angalau miezi mitatu, kwa makubaliano na Mganga Mkuu wa Wilaya. Pili, vikundi vya kuweka na kukopa (VICOBA), misikiti na makanisa vitenge fungu dogo la nauli za wagonjwa wa akili katika kata zao. Tatu, kila kata iwe na wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliofunzwa kuongoza vikundi vya mazungumzo, na posho zao zitoke kwenye michango hiyo. Tukiyakubali haya, tuanze na fedha iliyo mikononi mwetu, na kabla hatujatawanyika kila mshiriki aandike kiasi atakachotoa kila mwezi.