Mlangilangi Kama Mti wa Pambo: Tatizo la Mzizi Uliojisokota
(Mada ya semina ya wenye vitalu vya miche, Kilifi)



Ratiba inanitaka nianze na maana. Mlangilangi, kwa jina la kitaalamu Cananga odorata, asili yake ni kusini-mashariki mwa Asia, na ni ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope. Ua lina petali sita zilizolegea, huchanua kijani likaiva manjano, na harufu hukolea usiku hadi alfajiri. Komoro hukamua mafuta yake kwa mvuke, na mafuta ya namna hiyo yamo katika manukato ya Chanel No. 5 tangu 1921. Hapa kwetu akina mama wanayatia maua hayo kwenye kikuba pamoja na asumini na rehani. Basi. Hayo mnayajua kuliko mimi.

Nililokuja nalo ni mzizi.

Mwaka fulani niliitwa kwenye nyumba ya wageni mjini Malindi. Mlangilangi wa miaka minne, mrefu kupita paa, ulikuwa umelala chali baada ya usiku mmoja wa kusi. Mwenyewe alishuku mchwa. Tulipoosha udongo kwa mpira wa maji, tuliona mzizi mkuu umejizungusha mara tatu, mfano wa kata ya kubebea mtungi, na mzingo wake ulikuwa sawasawa na mfuko wa nailoni uliooteshewa. Miaka minne mti ule ulisimama juu ya kata. Tangu siku hiyo nimefukua mingi iliyoanguka, na mara nyingi nimekuta kitu kilekile.

Mlangilangi huteremsha mzizi mrefu mapema, jani likiwa bado changa. Ukigonga kitako cha mfuko hugeuka, na ukishageuka haunyooki tena hata ukipandwa shambani. Huku Watamu, ambako udongo ni tandiko jembamba juu ya jiwe la matumbawe, mzizi mnyoofu hutafuta ufa ukashuka, na uliojisokota hubaki juu. Tena matawi ya mti huu ni mepesi kukatika.

Mzizi hujisokota kwa sababu mche umekaa mno mfukoni. Kwa nini basi miche inazeekea kitaluni? Hapa nasema kwa tahadhari, maana nami ni mtumishi wa umma na maoni haya ni yangu. Wanunuzi wakubwa, zikiwemo taasisi, hulipa kwa urefu. Nimeona zabuni ikitaka miche ya mita moja na nusu, bila neno lolote kuhusu mfuko. Mwenye kitalu afanye nini? Anaungoja urefuke. Barua nimeandika, majibu yamekuwa kwamba suala linashughulikiwa.

Mapendekezo yangu ni haya. Mche utoke kitaluni kabla haujapita goti. Mifuko iwe mirefu, iliyotobolewa chini, na ipangwe juu ya chanja ili ncha ya mzizi ikaukie hewani badala ya kujikunja. Zabuni zitaje umri wa mche na kina cha mfuko, zifute urefu. Mnunuzi akichukua mingi, apasuliwe mmoja mbele ya macho yake. Mbegu mbichi huota kwa kusuasua. Zihifadhiwe kwanza miezi kadhaa, zipandwe kwa mafungu ili miche isiive yote siku moja ikakosa soko. Upandaji uwe mwanzo wa masika, na shimo livunje jiwe kabisa. Wenye hoteli wasiupande karibu na paa wala bwawa la kuogelea, na wakate kilele mapema kama wafanyavyo Wakomoro, ambao huuweka mti kwenye kimo cha mchumaji: upepo haupati pa kushika, na maua yanafikika. (Ile desturi ya kuufinyanga uwe mviringo kama mpira sijui tuliitoa wapi; inakata vitawi vyenyewe vinavyochanua.) Na narudia, mwenyekiti aniwie radhi: urefu ufutwe kwenye zabuni. Hayo mengine yote bila hilo ni kazi bure, kwa sababu hakuna mwenye kitalu atakayeuza mche wa goti kwa bei ya hasara.

Baada ya chai tukutane chini ya mwembe hapo nje. Nimenunua miche mitatu njiani leo asubuhi, yote mizuri kwa macho, na wembe ninao. Kila mmoja aseme kwanza upi angeununua, ndipo tuipasue.