Korosho na Matunda Katika Bakuli Moja

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kipawa, Dar es Salaam



Nashukuru kwa heshima ya kusema nanyi hapa Kipawa, tunapoadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu. Wenzangu wamesema juu ya bei na mizani. Mimi nitasema juu ya bakuli.

Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, na sasa ni mti wetu, tokea Mkuranga hadi Mtwara. Tangu mwaka 2007 tumeuza korosho kwa mpango wa stakabadhi ghalani. Lakini sehemu kubwa husafirishwa ghafi, zikabanguliwe India na Vietnam. Wakulima wengi hupeleka magunia ghalani, kisha hurejea nyumbani bila kuonja hata punje moja. Na bibo, lililo tunda tamu, huachwa likaoza chini ya mti. Jambo hili lanisikitisha.

Basi natuandae saladi ya matunda mabichi na korosho, ifaayo kuwekwa mbele ya mgeni yeyote. Kwa watu sita yatosha maembe mawili mabivu, nusu nanasi, papai dogo, matango mawili, karoti mbili, mabibo manne yakiwa katika msimu wake, na kikombe kimoja cha korosho zilizobanguliwa.

Kwanza osheni kila kitu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kuwa ziko mboga za mjini zilizomwagiliwa maji machafu ya Bonde la Msimbazi. Kateni mabibo vipande, myaloweke katika maji ya chumvi ili ukakasi upungue. Meyeni matunda mengine na matango, mkate vipande vidogo, karoti zikwanguliwe. Changanyeni vyote, mkamulie ndimu mbili, mtie kijiko cha asali na chumvi kidogo. Korosho zitiwe mwisho, wakati wa kuandaa, zisije zikalainika.

Hapa hapana budi niwaonye. Matunda huliwa mabichi, bali korosho sivyo. Ganda lake lina mafuta makali yaunguzayo ngozi na midomo. Sharti zichomwe au zipikwe kwa mvuke kabla ya kubanguliwa. Na zikichomwa, iwe mahali pa wazi, mbali na watoto, maana moshi wake pia hudhuru. Yenye ukungu itupwe. Tena mwulizeni mgeni, kwani wako watu ambao miili yao haipatani na korosho kabisa.

Faida yake ni kubwa. Embe, papai na karoti zina asili ya vitamini A, ambayo mwili huipokea vema ikiliwa pamoja na mafuta; na mafuta hayo yamo katika korosho. Bibo nalo lashinda chungwa kwa vitamini C. Kila kimoja humsaidia mwenziwe, na huo ndio ushirika wenyewe.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kila mwanachama abakize nyumbani korosho za kula jamaa yake kabla ya kupeleka mzigo ghalani. Na Chama kiwafundishe akina mama na vijana kubangua kwa usalama. Haba na haba hujaza kibaba. Tusiwe watu wa kulisha karamu za wengine, huku sahani zetu ni tupu.