Mzigo Gani Mama Aukatae?

Leo nitasema juu ya mizigo, kwa sababu nimewaona pale mlangoni. Wengine munatua bidoni kwanza ndipo munapanga mstari wa kilo, na mukitoka hapa munakwenda sokoni na kitunga. Sitawaambia, «Musibebe.» Mutanicheka, na mutakuwa na haki, maana nani atachota maji? Ninataka tuchague pamoja: mzigo huu ninaubeba, ule ninaukataa, na sababu ni hii.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, nilimwinua mgonjwa peke yangu kutoka kitandani nimweke kwenye kiti. Nilikuwa na haraka, na kiburi kidogo. Niliinama magoti yamenyooka, nikamshika kwa mbali, nikazungusha kiuno na miguu imesimama pale pale. Mgongo ulilia «ka!» Kwa siku nyingi sikuweza kuinama nifunge viatu. Leo mimi ndiye ninayefundisha wanafunzi kuinua wagonjwa, na jambo la kwanza ninalowakataza ni hilo: kuinua na kuzunguka kwa wakati mmoja. Zungusha miguu, kiuno kifuate.

Fanyeni jaribu. Mama mmoja ashike huu unga wa kilo 2, auweke kifuani. Mwepesi, sivyo? Sasa anyooshe mikono mbele, na sisi tuhesabu hadi 30. Munaona mikono inatetemeka! Unga haukuongezeka, ni umbali tu. Basi kitu kilicho chini ukikaribie, ukunje magoti, ukivute karibu na mwili, kisha uinuke kwa nguvu ya mapaja huku unatoa pumzi. Ukifunga pumzi na kukaza, nguvu yote inasukuma chini, kule kizazi kinakokaa.

Kwa mama mwenye mimba iko shida zaidi. Mimba inalegeza viungo vya kiuno ili mtoto apate njia, na tumbo linauvuta mgongo mbele. Bidoni ya lita 20, maji yake peke yake ni kilo 20. Kinachoumiza sana ni ile dakika ya kuitoa chini na kuifikisha kichwani, kuliko hata njia yenyewe. Kwa hiyo tumbo likiwa kubwa, kataa kujitwisha peke yako. Chukua bidoni ndogo ya lita 10, au ngoja jirani akusaidie.

Na kitunga cha mgongoni chenye kamba ya kichwa? Huku kwetu Kivu tumezaliwa tukiona mama zetu wanabeba hivyo makala, kuni na mihogo. Lakini mama wa miezi 8 ana mzigo mbele na mzigo nyuma, shingo imevutwa, macho yanaona miguu tu, na njia ya mlima imelowa mvua. Ninaogopa aanguke. Akianguka vibaya, kondo la nyuma linaweza kubanduka, na hapo mama na mtoto wako hatarini. Mama mjamzito akianguka, au akiona damu, au maji yanatoka, au tumbo linakaza kabla ya wakati, au mtoto amepunguza kucheza, aje siku ile ile. Asingoje siku ya kliniki.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna wamama wanaosemwa vibaya. Mimba ikiharibika, mama-mkwe anasema, «Ni juu ya ile bidoni.» Sivyo. Mimba nyingi zinazotoka katika miezi ya kwanza zinatoka kwa sababu mtoto hakuumbika sawasawa tangu mwanzo. Kazi nzito kila siku inaweza kuongeza hatari, ndiyo maana ninawafundisha, lakini mtu asimhukumu mama kwa bidoni moja.

Sasa baada ya kuzaa. Munajua kipoyi tunachomletea mgonjwa hospitali. Kitambaa chake kikilegea, mgonjwa anashuka karibu aguse chini. Hata ndani ya mama iko misuli kama kitambaa hicho, inashika kizazi na kibofu. Uzazi umeivuta sana. Kwa wiki 6 za kwanza usiinue kitu kizito kuliko mtoto wako, na zaidi sana kama ulipasuliwa. Tena usijifunge kikwembe tumboni kwa nguvu ili tumbo lirudi, wala usifanye ile mazoezi ya kulala chali na kuinuka ghafula. Vyote viwili vinasukuma chini.

Zoezi jema ni dogo na halionekani. Kaza huku chini kama mtu anayezuia upepo mbele ya wageni, hesabu 5 huku unapumua, kisha legeza. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Unaweza kulifanya umeketi hapa sasa hivi. (Ninaona wengine wameanza.)

Mama mmoja wa watoto 7 alikuja kwetu kwa kikohozi cha mtoto. Wengine walipotoka, akaninong'oneza: «Munganga, kuko kitu inatoka huku chini.» Kizazi kilikuwa kimeshuka. Alikuwa amekificha miaka mingi, hata dada yake hakujua, na kila siku ya soko alikuwa anabeba. Alidhani amerogwa. Tulimvalisha pete ya mpira inayoshika kizazi juu, tukamfundisha kuja kuioshwa na kuangaliwa. Wengine wanahitaji operesheni, na wengine, kikiwa kimeshuka kidogo tu, lile zoezi linawasaidia.

Aliniuliza swali gumu: «Bwana yangu iko mbali, na watoto wanakula kwa ile mizigo. Nitaacha namna gani?» Nilimwambia apunguze kilo, arudi mara mbili. Ninajua safari mbili zinakula saa, na saa ni feza. Baadaye yeye na jirani zake wawili waliungana kulipa kijana wa chukudu siku za soko, yeye anapeleka mihogo yote mitatu, wao wanatembea mikono mitupu. Faida ilipungua kidogo. Anasema usiku sasa analala.

Wale wanaosikia uzito huku chini ifikapo jioni, au mkojo unaotoroka mukikohoa, mubaki nyuma baada ya kupima watoto. Chumba cha mwisho kina pazia, na nitakuwa humo peke yangu hadi saa sita.