Wachache Bungeni, Halafu?

Kila nikiuliza mbunge wetu kafanya nini, najibiwa: "Tuko wachache." Haya, tumtazame Mike Thompson, mbunge wa California, Marekani.

Mzee huyu alipigana Vietnam, akajeruhiwa. Mwaka 2022 aliunga mkono sheria ya PACT, iliyoongeza matibabu na mafao kwa askari wa zamani waliougua kwa sumu na moshi wa vitani. Lakini hapo chama chake, Democratic, kilikuwa na wingi. Januari 2023 kikawa upinzani kwenye Baraza la Wawakilishi.

Kwao mioto ya nyika ya 2017 na 2018 iliteketeza maelfu ya nyumba. Waathirika wakalipwa fidia na kampuni ya umeme, PG&E. Serikali ikaihesabu kama kipato, ikataka kodi! Hata fungu lililoenda kwa mawakili. Jamani, hela ya kujengea nyumba iliyoungua?

Thompson akashikana na LaMalfa wa Republican kutaka msamaha wa kodi. Muswada ukakwama. Ndipo Greg Steube, naye Republican, akaanzisha ombi la kuufikisha ukumbini bila kusubiri uongozi wa Baraza. Zinahitajika saini 218. Pande zote wakasaini. Mei 2024 ukapita, 382 kwa 7 (saba tu!), na Desemba ikawa sheria.

Mbunge wetu akija Jumapili, msimzomee. Muulizeni tu: umekusanya saini ngapi?